Tuizunguke Ardhi Yetu kwa Miguu Kabla ya Kuigawa



Mpendwa msomaji, juma hili naomba uniruhusu niyaache kwa muda masomo ya Dominika, nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaliona kuwa dogo mno, yaani kutembea kwa miguu. Sina maana ya mwendo wa kwenda mnadani, shuleni, kisimani au zahanati, maana huo tunaufahamu sote na magoti yetu yanautolea ushuhuda. Nina maana ya kutoka nyumbani asubuhi, kushuka bondeni, kuvuka mto, kupanda mpaka msituni, kufuata ukingo wa msitu, kisha kuteremka kwa mgongo mwingine wa kilima hadi kufika pale pale ulipoanzia.

Mwendo wa namna hiyo kwetu huzua maswali. Mtu akionekana anapita mashambani bila jembe, bila ng'ombe na bila mzigo, ataulizwa anakwenda wapi. Na akijibu kwamba anazunguka tu na atarudi alikotoka, wasikilizaji watatazamana. Huenda ni mpimaji wa ardhi aliyejificha, huenda anatafuta shamba la kununua, huenda akili yake haijatulia. Safari kwetu ina mwisho, na mwisho huo ni mahali pengine. Wageni wanaotoka Ulaya kuja kupanda mlima Hanang au kulitazama Bonde la Ufa hulipa fedha ili watembee hivyo, nasi huwachukulia kuwa ni watu waliokosa kazi.

Napenda kuutetea mwendo huo, wala siutetei kwa ajili ya afya ya mwili, ingawa hilo nalo lina nafasi yake. Maoni yangu ni kwamba ardhi ambayo wenyeji wake hawaizunguki kwa miguu haiwezi kuamuliwa vema, hata kama wanaoiamua ni watu wema na wasomi. Kwa hiyo kila kijiji katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang kingepaswa kuuzunguka mpaka wake, bonde lake na msitu wake walau mara moja kila mwaka, kabla ya kugawa hata robo ekari. Nitaeleza kwa nini.

Tuanze Kainam, katika nchi ya asili ya Wairaqw iitwayo Irqwar Da'aw. Hapo tuko juu ya ukuta wa Bonde la Ufa, mahali pa baridi na ukungu. Ukishuka kutoka kwenye nyumba zilizo mgongoni mwa kilima, kwanza unapita katika mashamba madogo ya mahindi, maharage na viazi, yaliyotengenezwa matuta ya kuukinga mteremko. Matuta hayo hayakuletwa na bwana shamba wa kikoloni. Wazee wa nchi hii walikuwa wakiyajenga kabla Wajerumani hawajafika Mbulu. Chini zaidi unakuta majani mabichi ya bondeni yaliyoachwa kwa ajili ya malisho, na katikati yake mto mdogo ambao wakati wa kiangazi unaweza kuuvuka bila kulowa magoti. Kisha unaanza kupanda upande wa pili, mashamba yanapungua, hewa inapoa, na mbele yako unasimama msitu wa Nou, wenye miti mirefu iliyovikwa ndevu za kijani. Ukiufuata ukingo wake kuelekea mashariki, ardhi inakatika ghafla miguuni pako, na chini kabisa unaliona ziwa Manyara likimeta kama bati jipya. Hapo unageuka na kurudi kwa njia nyingine.

Mzunguko kama huo unaweza kuumaliza kwa siku moja bila haraka. Lakini ndani ya siku hiyo moja miguu imekwisha kukufundisha jambo ambalo darasani lingechukua muhula mzima. Umegundua kwamba majani ya bondeni ndiyo yanayowalisha ng'ombe wanaolala nyumbani. Kwamba mbolea ya ng'ombe hao ndiyo inayobebwa, mara nyingi na akina mama, kwenda kuyalisha mashamba ya mteremko. Kwamba matuta ya mteremko ndiyo yanayouzuia udongo usiuzike mto. Na kwamba mto wenyewe unatoka katika msitu ulio juu, ambao huyapokea maji ya mvua na ukungu na kuyaachilia polepole. Kila kimoja kinakipa kingine chakula. Ukiondoa kimoja, vingine havianguki siku hiyo hiyo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu aliyeondoa anaweza kudhani kwamba hakuna kilichotokea.

Wataalamu wamekuja kutoka mbali kuuchunguza ukulima huu. Mwaka 2004 mwanajiografia Lowe Börjeson wa Sweden alichapisha utafiti wake kuhusu historia ya kilimo katika nyanda za juu za Mbulu. Kwa muda mrefu vitabu vilikuwa vimesema kwamba Wairaqw walijifunza kulima kwa makini namna hiyo kwa kuwa walibanwa milimani wakiwaogopa Wamaasai, kana kwamba nchi nzima ilikuwa imezingirwa. Yeye aliitilia shaka hadithi hiyo, akaonesha kwamba ardhi ile iliboreshwa kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, kwa kazi ya kila siku ya watu waliofahamiana na kusaidiana. Kwa maneno mengine, mandhari tunayoyaona Kainam ni kazi ya mikono, na mikono hiyo iliongozwa na miguu iliyolijua kila bonde.

Wazee wetu walilifahamu jambo hili na wakaliwekea desturi. Nchi ya Wairaqw iligawanywa katika maeneo yaliyoitwa aya, na kila aya ilikuwa na mipaka yake na msemaji wake. Kulikuwa na ibada iliyoitwa masay, ambayo ndani yake wazee waliuzunguka mpaka wa aya pamoja na mnyama wa sadaka, ili mabaya yabaki nje na mazao yastawi ndani. Hali kadhalika chemchemi na mito haikuguswa ovyo, kwa kuwa iliaminiwa kuwa makao ya netlaamee, pepo wa maji. Mimi ni padre wa Kanisa Katoliki, na hakuna atakayetarajia nihimize sadaka ile au hofu ile ya pepo. Lakini ni haki kukiri kwamba ndani ya ibada ile kulikuwa na kitu ambacho sisi tuliobatizwa tumekiacha kidondoke njiani: kila msimu, watu waliokuwa na mamlaka juu ya nchi waliizunguka nchi hiyo kwa miguu yao wenyewe. Mzee aliyeuzunguka mpaka hakuweza kusema kwamba hakujua kuwa chemchemi fulani imekauka au kwamba fulani amelima mpaka ukingoni mwa mto. Alikuwa ameona.

Kanisa nalo lilikuwa na desturi inayofanana na hiyo. Katika karne ya tano Mtakatifu Mamerto, askofu wa Vienne katika nchi ambayo leo tunaiita Ufaransa, alianzisha siku tatu za maandamano ya kuomba kabla ya sikukuu ya Kupaa Bwana. Baadaye maandamano hayo yakaenea Ulaya, waamini wakipita mashambani na kuomba baraka ya mazao. Huko Uingereza yakachanganyika na desturi ya parokia kuuzunguka mpaka wake kila mwaka, na watoto walichukuliwa makusudi, wakapewa fimbo za kupigia mawe ya mpakani, ili wakizeeka waweze kutoa ushahidi kwamba mpaka ulipita hapa na siyo pale. Ramani zilikuwa chache. Kumbukumbu ya mtoto ndiyo iliyokuwa ramani. Mzee wa Kiiraqw na paroko wa Kiingereza hawakukutana kamwe, lakini kila mmoja alitambua kwamba anayetaka kuitunza nchi sharti aizunguke.

Sasa tutazame kilichotokea pale maamuzi yalipofanywa bila mzunguko huo. Kati ya mwaka 1974 na 1976, wakati wa Operesheni Vijiji, kaya zilizokuwa zimetawanyika katika nchi ya Wairaqw wa mashariki ziliamriwa kuhamia katika vijiji vilivyopangwa. Mwanahistoria Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika makala aliyoichapisha mwaka 2007, alieleza namna zoezi hilo lilivyopuuza maarifa ambayo wenyeji walikuwa nayo kuhusu mazingira yao. Nia ya operesheni ilikuwa kuwakaribisha watu kwenye shule, maji na zahanati, na nia hiyo siidharau hata kidogo. Lakini mtu anapohamishwa kutoka mgongo wa kilima alioujua, hahamishwi mwili wake tu. Anaacha nyuma ujuzi wa wapi maji hutuama, wapi baridi huua maharage, na wapi udongo huteleza masika. Ujuzi huo haufungashwi katika mzigo, na mahali papya hauna kazi.

Mfano wa pili unatupeleka kusini, katika wilaya ya Hanang, kwa ndugu zetu Wabarbaig. Hao mzunguko ulikuwa ndiyo maisha yao. Mifugo yao haikukaa mahali pamoja. Ilizunguka mwaka mzima kati ya miteremko ya mlima Hanang, tambarare za Basotu, kingo za mito na kandokando ya maziwa yenye chumvi. Kila eneo lilikuwa na majira yake. Nyanda za Muhajega, zilizo na udongo wenye rutuba kuliko nyingine, zilitumika kwa kipindi kifupi wakati wa mvua, kisha zikaachwa zipumzike. Mtu aliyezipita katika miezi ya kupumzika angeapa kwamba hazina mwenyewe.

Na ndivyo ilivyodhaniwa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Canada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lilianzisha mashamba ya ngano katika tambarare hizo, hata yakafika mashamba 7 makubwa yenye jumla ya takriban ekari 100,000. Ngano ilipatikana, na taifa liliihitaji. Lakini eneo lililochukuliwa lilikuwa kiungo cha mduara. Lilipokatwa, mifugo ililazimika kukaa mahali pengine kwa muda mrefu kuliko malisho yalivyoweza kustahimili. Njia za kupitishia ng'ombe kwenda kwenye maji zilizibwa. Na wazee walilalamika kwamba hata makaburi ya heshima ya wahenga wao, bung'eda, yalipitiwa na trekta. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliutengua ushindi huo. Mtafiti Charles Lane aliyeishi nao aliandika kitabu juu ya malisho hayo yaliyopotea, kikachapishwa mwaka 1996.

Tazama hesabu ilivyokosewa. Ukihesabu ekari zilizochukuliwa, ulikuwa ni sehemu tu ya wilaya, na mtu angeweza kusema kwa dhamiri safi kwamba Wabarbaig wamebakiwa na ardhi kubwa. Lakini ng'ombe hali ekari. Anakula majani ya mwezi fulani mahali fulani. Ukikata gurudumu la baiskeli kipande cha urefu wa kiganja, huwezi kumwambia mwenye baiskeli kwamba sehemu kubwa ya gurudumu bado iko salama. Aliyepanga mashamba yale aliiona tambarare. Kama angewafuata wachungaji kwa mwaka mmoja, kutoka mlimani hadi ziwani na kurudi tena mlimani, angeuona mduara, na huenda angeuliza maswali mengine kabla ya kutia jembe.

Mfano wa tatu ni mchungu, nami nautaja kwa unyenyekevu, kwa kuwa wengi wenu mmezika ndugu. Dominika tarehe 3 Desemba 2023, iliyokuwa Dominika ya kwanza ya Majilio, mvua kubwa ilisababisha sehemu ya mlima Hanang kumeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa kufuata mkondo wa maji, vikaingia katika mji mdogo wa Katesh na vijiji jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Serikali ilieleza kwamba miamba dhaifu ya mlima ilinyonya maji mpaka ikashindwa kujishikilia. Baadaye walionusurika walijengewa nyumba mpya katika eneo la Waret.

Sisemi kwamba matembezi yangeuzuia mlima usimeguke. Kusema hivyo kungekuwa ni kuwatwisha marehemu mzigo usio wao, na mlima wenye urefu wa mita 3,417 hauombi ruhusa kwa mtu. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho, lakini nadhani kina uzito. Korongo lililo kavu kwa miaka 30 linasahaulika kuwa ni njia ya maji. Kijana aliyezaliwa mjini analiona kuwa ni kiwanja cha bei nafuu. Mzee aliyelifuata kwa miguu kutoka chini hadi juu anajua lilichongwa na nini, kwa maana ameyaona mawe makubwa yaliyolala bondeni na kujiuliza yalifikaje pale. Maji yana kumbukumbu ndefu kuliko yetu. Tusipotembea kuifuata njia yao wakati yakiwa yamelala, tutakutana nayo siku yakiamka.

Najua yapo majibu ya kunipinga, na mengine ni ya haki.

La kwanza ni kwamba watu hawana muda. Mama mwenye watoto watano, aliyeamka saa kumi alfajiri, akachota maji, akakata majani ya ng'ombe na kulima hadi jua la utosi, hawezi kuambiwa na padre kwamba anahitaji kutembea zaidi. Nakubali kabisa. Kwa kweli mama huyo ndiye anayelijua bonde kuliko mwenyekiti wa kijiji. Shabaha yangu siyo yeye. Shabaha yangu ni sisi tunaoamua au kushauri: viongozi wa kijiji, watendaji, maofisa wa wilaya, walimu, wafanyabiashara wa mbao, na mapadre pia. Sisi ndio tunaoijua Mbulu na Hanang kwa kupitia dirisha la gari au juu ya pikipiki. Barabara huonesha vipande: hapa shamba, pale daraja, kule msitu. Haioneshi jinsi vipande hivyo vinavyoshikana. Na mzunguko wa kijiji ukifanyika, mama huyo apewe nafasi ya mbele ya kueleza, wala asiitwe ili apike chai ya wageni.

La pili ni kwamba tunazo sheria tayari. Ni kweli. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitaka halmashauri ya kijiji ipate kibali cha mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kugawa ardhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mwaka 2007 tukapata pia sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi. Lakini sheria haina miguu. Mita 60 zilizoandikwa Dodoma hazijipimi zenyewe bondeni. Na katika mabonde yetu membamba, mita 60 kila upande mara nyingine ni bustani yote ya mboga ya familia maskini. Nani ataamua kwa haki wapi mboga zibaki na wapi majani yarudi, ikiwa hajasimama pale na familia hiyo, akauona mto, akaiona na sufuria yao? Mkutano wa kijiji unaopiga kura chini ya mwembe kuhusu ardhi ambayo nusu ya wajumbe hawajaikanyaga kwa miaka kumi ni mkutano halali, lakini ni mkutano wa vipofu.

La tatu ni kwamba haya ni mambo ya zamani, na dunia ya leo ina ramani zinazopigwa kutoka angani. Ramani hizo ni nzuri nami sizikatai. Zinaweza kukuonesha kwamba msitu umepungua. Hazikuoneshi kwamba umepungua kwa sababu karo ya shule ilipanda mwezi ule ule bei ya kitunguu iliposhuka. Jambo hilo utaambiwa ukiwa unatembea, na mtu anayetembea kando yako, kwa maana watu wa kwetu husema mengi zaidi wanapotazama mbele kuliko wanapotazamana uso kwa uso mezani.

Tena, kwa wenye shaka, tunao ushahidi wa karibu. Jirani zetu wa Babati wana msitu wa miombo wa Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikusudia kuufanya hifadhi yake, na wenyeji, wakihofia kunyang'anywa, walikuwa wakiukata kabla haujachukuliwa. Kisha mambo yakageuzwa. Vijiji vinane vikapewa dhamana, kila kimoja na sehemu yake; wanakijiji wakaipitia mipaka wenyewe, wakatunga sheria ndogo, wakateua walinzi wao wa kuzunguka msituni. Uharibifu ukapungua, na Duru-Haitemba ikawa mfano uliosomwa nchini na nje ya nchi. Kule Kiteto, katika mkoa wetu huu huu wa Manyara, msitu wa SULEDO unaosimamiwa na vijiji ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2002. Wanaotembea msituni mwao wanaweza kuutunza bila kusukumwa na bunduki ya mtu mwingine.

Kwa hiyo, mpendwa msomaji, napendekeza mambo manne, yasiyohitaji mfadhili wala semina ya posho.

Kwanza, kila kijiji kiteue siku moja katika mwezi wa Septemba au Oktoba, mwishoni mwa kiangazi, kwa ajili ya mzunguko. Nimetaja majira hayo makusudi. Masika kila chemchemi hujisifu. Ni kiangazi kinapokaribia kwisha ndipo utakapojua ipi ni ya kweli. Yahesabiwe maji yanayotoka na yaliyokauka, na iandikwe katika daftari la kijiji, ili mwaka unaofuata pawe na kitu cha kulinganisha. Daftari la namna hiyo likijazwa kwa miaka kumi litakuwa na thamani kuliko hotuba nyingi.

Pili, watoto waende. Mwalimu achukue darasa la tano au la sita, kila mzee apewe watoto wawili au watatu, na awatajie majina: jina la kilima, la korongo, la mti uliokuwa baraza, la mahali palipozama ng'ombe. Majina ya mahali katika Kiiraqw na Kidatoga yanapotea kwa kasi, na jina likipotea hupotea pia sababu iliyolizaa.

Tatu, njia za miguu ziachwe wazi. Kila anapouziwa mtu shamba siku hizi, jambo la kwanza ni kupanda uzio au mikaratusi mpaka kwenye mpaka, na njia ambayo watu waliipita tangu enzi za babu inageuka kuwa kosa la jinai. Njia ya kushukia mtoni, njia ya ng'ombe kwenda kwenye chumvi, njia ya kupitia msituni kwenda kijiji cha pili, zote ziandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi kwa upana wake, na hati ya mauziano izitaje. Njia ikifungwa, wa kwanza kuumia ni yule asiye na pikipiki.

Nne, asiyezunguka asiamue. Kabla ya kugawa eneo, kukodisha bonde kwa mwekezaji, kuvuna mbao au kupima viwanja kandokando ya korongo, wale watakaotia sahihi waanze kwa kulizunguka eneo hilo lote, kutoka chini hadi juu na kurudi, pamoja na wanaolitumia. Mwekezaji naye aende. Kama ana haraka kiasi kwamba hawezi kutoa siku moja kwa ardhi anayotaka kukaa nayo miaka 33, hilo pekee limetufundisha jambo juu yake.

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Abramu, alipoahidiwa nchi, aliagizwa kwanza aipite yote kwa miguu. Ahadi aliipokea akiwa na vumbi nyayoni. Naye Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alirudia tena na tena kwamba kila kitu katika uumbaji kimeunganishwa na kingine. Wasomi wanaweza kuyajadili maneno hayo kwa lugha ya juu. Sisi wa Mbulu na Hanang tumejaliwa nchi ambayo ndani yake mtu anaweza kuuona uhusiano huo kati ya asubuhi na jioni, kutoka bondeni hadi msituni na kurudi, akiwa na kibuyu cha maziwa na fimbo ya kujishikilia.

Hapa parokiani tumekubaliana na wazee wa kigango kimojawapo kufanya mzunguko wa kwanza Jumamosi ya pili ya mwezi wa Oktoba, baada ya Misa ya asubuhi. Walioalikwa ni wote, wakiwamo Walutheri, Wapentekoste, Waislamu na wale wasio na dini, kwa kuwa mto hauulizi cheti cha ubatizo. Viatu viwe imara, na anayekuja aje na mtoto mmoja. Majibu tutakayoyapata, yapendeze au yasipendeze, tutayapeleka katika mkutano mkuu wa kijiji, na nitawaandikia ninyi pia.

Nawatakia juma jema na lenye baraka.

Padre wenu.